Mwongozo wa Hornby na Mwanafunzi wa Makangale

Ajifunzaye lugha ya watu huanza kwa kuhesabu maneno. Ajuaye maneno elfu hujiona tajiri, na ajuaye elfu tatu hudhani amekwisha fika. Lakini asemapo sentensi moja mbele ya wenye lugha, hutokea msikilizaji akatabasamu, ingawa kila neno ni sahihi na sarufi haina kombo. Kilichokosekana ni mazoea ya maneno: kitenzi gani huandamana na jina gani, na jina lipi hutangulia jingine. Jambo hilo ndilo alilolishughulikia Mwingereza A. S. Hornby katika mwongozo wake wa mipango na matumizi ya Kiingereza, uliotoka mwaka 1954. Yafaa kuupima mwongozo huo kwa mizani asiyoifikiria mwenyewe, yaani mizani ya mwanafunzi wa Makangale, kaskazini ya kisiwa cha Pemba.

Tuanze na haki yake. Hornby hakuyapata mafunzo yake kwa kukaa maktabani. Alikwenda Japani katika miaka ya 1920 kusomesha, akafanya kazi pamoja na Harold Palmer, aliyekuwa akiongoza utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza mjini Tokyo. Hawa wawili waliona kwamba Mjapani mwenye sarufi yote kichwani bado hukwama katika maneno ya kila siku. Kutokana na kazi hiyo ilitoka kamusi ya Hornby na wenziwe, iliyochapwa Tokyo mwaka 1942, kisha ikatolewa tena na Oxford mwaka 1948. Fadhila yake ni kuwa kila kitenzi huonyeshwa njia kipitayo. Mwongozo wa 1954 ukaieleza njia hiyo kwa kirefu, ukavipanga vitenzi katika mipango 25, na majina nayo yakapewa sehemu yake.

Faida ya mipango hiyo kwa mtu wetu ni kubwa. Sisi twasema, "Nataka uende", "Nashauri uende", "Nakuacha uende". Vitenzi ni vitatu, lakini kifuatacho ni kimoja, chenye mwisho wa -e. Kiingereza hakikubali umoja huo. Mwenye kutaka husema "I want you to go". Mwenye kushauri husema "I suggest that you go". Na mwenye kumwachia mtu ruhusa husema "I let you go", pasi na lile "to" la kwanza. Mwanafunzi aandikapo "I suggest you to go" huambiwa amekosa, na mara nyingi haambiwi kwa nini. Hornby amjibu vema: kila kitenzi kina desturi yake, na desturi hiyo hujifunzwa pamoja na kitenzi chenyewe.

Katika majina pia pana somo. Kiswahili huunga jina na jina kwa -a: duka la viatu, soko la samaki, shamba la karafuu. Mwingereza huyabandika majina mawili bila kiungo, tena huligeuza lile la pili likawa la kwanza, na aghalabu hulinyima wingi. Kwa hiyo duka la viatu kwake ni "shoe shop", japokuwa hapana duka liuzalo kiatu kimoja. Tazama pia maneno yetu "kikombe cha chai". Kwetu yaweza kuwa kikombe kilichojaa chai, au kikombe kitupu kilichofanywa kwa ajili ya chai, na mazungumzo ndiyo yaamuayo. Kiingereza hutenga: "a cup of tea" chanyweka, "a tea cup" chaoshwa. Wala sifa hazilingani. Mvua iliyo kubwa kwetu, kwao ni nzito: "heavy rain". Mtoto wa Makangale aijua mvua ya masika kuliko mtunga mtihani. Lakini akiandika "big rain", ujuzi wake wote wa mvua haumwongezei alama.

Hapa ndipo lilipo jambo zito. Katika skuli za sekondari za Zanzibar hisabati na sayansi husomwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza lugha hiyo ianze kutumika katika masomo hayo tangu darasa la tano. Basi kukosa kujua neno gani huandamana na neno gani kwaweza kumfunga mtoto hata katika somo alilolielewa.

Sasa twende kwenye upungufu wa Hornby. Mwongozo wake wazungumza na mwanafunzi kana kwamba hana lugha nyumbani. Ulizaliwa kwa taabu za Wajapani, lakini Kijapani hakimo. Na sisi wa pwani, ambao lugha yetu ni hodari katika jambo lilelile analolifundisha, hatumo pia. Mdenishi Otto Jespersen, katika sarufi yake kubwa ya Kiingereza, alikwisha kuviita vitenzi vya namna ya "have a rest" na "take a walk" vitenzi vyepesi, kwa kuwa uzito wa maana hubebwa na jina. Msomaji wa Kiswahili hastaajabu. Apigaye hodi hampigi mtu, apigaye mbizi hana ugomvi na bahari, na apigaye magoti hajaumia. Alaye kiapo hashibi, na alaye hasara hulala na njaa. Mpemba hufunga safari, hufunga ndoa, na hufunga Ramadhani baada ya kuvunja jungu, wala hapana kamba wala chungu katika hayo. Akikata shauri hashiki kisu.

Basi mwalimu amwambiapo mwanafunzi, "Sema 'make a mistake', usiseme 'do a mistake', ndivyo wasemavyo Waingereza," ameliacha nje nusu ya somo. Kosa la mtoto lina asili yake: "kufanya" kwetu hubeba "make" na "do" pamoja, naye hakuona sababu ya kuchagua. Aulizwe kwanza kwa nini haisemwi "kufanya hodi" au "kugonga magoti chini kwa heshima" pale isemwapo kupiga magoti. Atajibu kuwa haisemwi tu. Jibu hilo ndilo kanuni ya Hornby, nayo imo kinywani mwake tangu utotoni. Tena mtoto huyu asema Kipemba nyumbani na Kiswahili Sanifu skuli; kuvuka kutoka mazoea haya kwenda mazoea yale ni kazi aifanyayo kila siku.

Wako wasemao kuwa Kiswahili kifungiwe mlango katika darasa la Kiingereza, kisije kikaleta tafsiri ya neno kwa neno. Hofu yao ina msingi, lakini dawa yao yazidisha ugonjwa. Hatafsiri neno kwa neno yule aliyeonyeshwa kwamba maneno ya lugha yake mwenyewe hayatafsiriki hivyo.

Tena ugonjwa huu una upande wa pili, nao wawapata waliosoma. Twasikia ya kuwa mkutano "ulichukua nafasi" jana, hali kuchukua nafasi kwetu ni kukaa mahali pa mwingine, mkutano hufanyika. Twasikia kuwa fulani "alicheza nafasi muhimu", na kwamba "mwisho wa siku" jambo litajulikana. Kwa mkulima wa Makangale mwisho wa siku ni magharibi. Huyu asemaye hivyo ameyatenda kwa Kiswahili yaleyale aliyochekewa mtoto kwa Kiingereza, ila yeye hapana amchekaye.

Hatusemi lugha isipokee wageni. Neno "chapa" lina asili ya Kihindi, "picha" ni la Kiingereza. Yote mawili yalipofika pwani yalipewa kitenzi cha nyumbani, tukapata kupiga chapa na kupiga picha. Jina laweza kuwa geni, na kitenzi kikawa mwenyeji wake. Hatari ni pale kitenzi chenyewe kinapoacha desturi yake ili kifuate ya wengine.

Kamusi zetu zimeweka akiba nzuri. Ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, zimekusanya misemo mingi chini ya "piga" peke yake. Kinachotupasa ni kuitoa akiba hiyo kabatini, kuipanga kama Hornby alivyoipanga ya kwao, na kuziweka lugha mbili ukurasa mmoja: kushoto "kata shauri", kulia "make a decision", kushoto "mvua kubwa", kulia "heavy rain", na chini yake mazoezi ya mashamba na bahari ya watoto wenyewe. Kitabu cha namna hiyo kingemfaa mwanafunzi kwa mtihani wake, na kingemfaa mwalimu wake kwa Kiswahili chake.