Kiboti cha Kukunjwa

Sisi wakazi wa Songea tuko mbali na maji. Kwenda Mbamba Bay ni kupitia Mbinga na kuteremka milima ya Umatengo, na kabla lami haijafika kule, gari liliweza kulala njiani. Kwa hiyo mtu wa Songea mwenye mashua ndogo ya tanga ziwani, akitafuta kiboti cha kumtoa nangani hadi ufukoni, huuliza kwanza: kitabebeka? Mimi na rafiki yangu tuliuliza hivyohivyo. Leo nakiri kwamba tulianza na swali lisilo la kwanza.

Mashua yetu ina urefu wa futi 20. Sitahani hapana nafasi ya kupakia chombo kingine, nasi tulitaka kitu cha kuingia kwenye buti la gari. Tukasoma karatasi za wauzaji. Ndugu msomaji, karatasi hizo zina ufasaha wake, lakini ni ufasaha wa nchi kavu. Husifu uzito, husifu udogo wa begi, husifu dakika chache za kujaza upepo. Hazisemi chombo kitafanya nini upepo ukikigeukia.

Tulijaribu kwanza kayaki ya kuazima. Haki yake nitaipa: ni nyembamba, hukata maji, na mtu mmoja mwenye kafi anaweza kwenda nayo mbishi. Lakini kutoka humo na kupanda mashuani, na gunia la unga mkononi, ni mchezo wa sarakasi. Tukanunua boti la mpira. Nalo lina wema wake: ni pana, halipinduki upesi, hubeba watu na mizigo, wala halikwaruzi ubavu wa mashua. Tulilisifia sana, kwa kuwa tulikuwa bado hatujalijua.

Mwezi Julai mmoja nilitoka mashuani na binti wa dada yangu, jioni, kwenda nchi kavu. Ilikuwa safari ya kama mita 200. Mwera, ule upepo wa kusini-mashariki unaotawala Ziwa Nyasa miezi ile, ukaamka. Boti la mpira halina mkuku. Huelea juu ya maji kama jani. Nilivuta makasia hadi viganja vikachubuka, na nyumba za ufukoni zikazidi kuwa ndogo. Mbele yetu palikuwa na ziwa lenye kina cha mita 700 mahali pake pa chini kabisa, na ng'ambo ni Nkhata Bay. Binti hakulia. Aliniuliza tu, “Mjomba, tunakwenda wapi?” Sikuwa na jibu.

Aliyetutoa ni mvuvi mzee, peke yake, ndani ya mtumbwi wa gogo. Alitufunga kamba, akapiga kafi bila pupa mpaka mchangani. Mtumbwi ule ni mzito, haukunjiki, na mgeni akiuingia hutikisika kama mlevi. Lakini mdomo wake umebanwa ili mawimbi yasiingie, na uzito wake huushika mstari upepo unapousukuma. Kila kilichokuwa kasoro katika karatasi za wauzaji, jioni ile kilikuwa sifa.

Tangu hapo nazisoma upya habari za vyombo vya kubebeka. Lady Alice ya Stanley, yenye urefu wa futi 40, iliyotoka Bagamoyo mwaka 1874 ikiwa vipande vipande, ilizunguka Ziwa Viktoria mwaka 1875, ikafika hadi mto Kongo, na bado husifiwa. Ni kweli ilibebeka, lakini kwa mabega ya nani? Wapagazi ndio waliolipa wepesi huo. Nami wepesi wa begi langu ulilipwa na mgongo wa mzee yule, na nusura ulipwe na mtoto wa watu.

Tena kuna kisa cha Liuli, jirani yetu. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Husimuliwa kwamba nahodha Mjerumani, asiyejua kuwa vita vimeanza, alirukia kiboti na kupiga makasia kwenda kumuuliza rafiki yake wa upande wa pili kama amelewa. Sifa ya kiboti kile ilikuwa moja: kilikuwa tayari majini. Kilichomo begini hakiko tayari.

Basi hukumu yangu ni hii. Kiboti cha kushukia kipimwe kwa saa yake mbaya: kirudi ufukoni upepo ukikikataa, kwa mikono ya mtu mmoja aliyechoka. Kikishapita hapo, ndipo tuulize kama kinaingia garini. Sisi tumechongewa na fundi wa Mbamba Bay kiboti cha mbao cha futi 8, chenye mkuku mfupi. Hakiji Songea, hulala kifudifudi chini ya mwembe wa jirani. Boti la mpira tumelibakiza kwa asubuhi shwari, na halitoki bila nanga na kamba ndefu.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Binti yule sasa anajua kupiga makasia. Mwalimu wake ni yule mzee.