Ritifaa Mbele ya Amri: Uhakiki wa Nafasi ya Kiswahili katika Kurekebisha Skrini, Sauti na Kibodi

Utangulizi

Kwa miaka mingi mjadala juu ya Kiswahili na kompyuta umekuwa mjadala wa majina. Imeulizwa kama chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Kama kibao cha herufi kiwe kibodi au baobonye. Kama kile kinachosukumwa juu ya meza ni kipanya au puku. Hapana shaka kwamba mijadala hiyo ina faida yake, kwani istilahi zisizokubaliwa na watumiaji hubaki vitabuni. Hata hivyo, yafaa iulizwe kama nguvu nyingi hazikutumika katika kuvipa vitu majina, ilhali alama moja ndogo ya tahajia ya Kiswahili iliachwa ijitetee yenyewe mbele ya mashine. Alama hiyo ni ritifaa ya ng'.

Makala haya yanahakiki sehemu moja tu ya matumizi ya kompyuta, nayo ni ile ya kurekebisha skrini, sauti na kibodi kwa kuandika amri badala ya kubonyeza picha. Sehemu hiyo imechaguliwa kwa kuwa ndiyo inayomtaka mtumiaji aandike lugha, si kuichagua tu. Dai linalotolewa ni kwamba katika mambo yote matatu, yaani kuona, kusikia na kuandika, kikwazo cha Kiswahili si uhaba wa istilahi bali ni hali ya ng'.

Orodha na Amri

Juhudi za kukiingiza Kiswahili katika kompyuta zina historia ya kuheshimiwa. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na kampuni ya Microsoft nayo ikatoa tabaka la Kiswahili kwa Windows XP na Office 2003. Kazi hizo zilithibitisha kwamba lugha hii yaweza kubeba shughuli za ofisi bila ya kuomba radhi. Lakini kilichotafsiriwa humo, kwa sehemu kubwa, ni orodha: maneno yaliyokwisha kupangwa, ambayo mtumiaji huyasoma na kuyabonyeza. Mtumiaji wa orodha ni msomaji. Hana haja ya kuandika neno lolote la Kiswahili ili sauti ipungue au herufi zikue.

Amri ni kitu kingine. Anayetaka kupunguza sauti katika mfumo wa Linux anaweza kuandika amixer set Master 50%. Anayetaka kuitia skrini giza huandika xrandr --output HDMI-1 --brightness 0.7. Anayetaka kibodi ifuate mpango wa Kiswahili cha Kenya huandika setxkbmap ke. Kila mojawapo ya hizi ni sentensi fupi yenye kitenzi au jina la chombo, kitu kinachotendwa, na kiasi. Aziandikaye ni msemaji, tena msemaji anayeamrisha, na kosa la alama moja hubadili maana ya usemi wake wote.

Kwa upande wa sarufi, Kiswahili hakina upungufu wowote hapa. Hali yake ya kuamrisha ni fupi kuliko ya lugha nyingi: weka, ongeza, punguza, zima. Aidha, programu ya Bash, ambayo ndiyo ipokeayo amri katika kompyuta nyingi za aina hii, humruhusu mtumiaji kuipa amri ndefu lakabu aitakayo. Akiandika alias sauti='amixer set Master', basi tangu hapo ataandika sauti 50% na mashine itatii. Lakabu hiyo haikuhitaji kamati wala kamusi. Ni neno la kila siku, nalo linafanya kazi.

Kuona: Neno Mng'ao

Ugumu huanza pale mtumiaji huyo huyo anapotaka kuipa lakabu amri ya skrini. Neno mwanga halifai sana, kwa sababu amri ya xrandr iliyotajwa haipunguzi taa ya skrini wala matumizi ya umeme. Hufifiza rangi tu. Neno la Kiswahili linaloeleza jinsi kitu kinavyoonekana machoni, pasipo kutaja chanzo cha nuru, ni mng'ao. Basi mtumiaji ataandika alias mng'ao='xrandr --output HDMI-1 --brightness', kisha atangoje. Mashine haitatii wala haitakataa. Itaandika alama ya > katika mstari mpya na kunyamaza.

Sababu ni kwamba kwa Bash ritifaa si sehemu ya neno. Ni alama ya kufungua nukuu. Kanuni hiyo Bash, iliyotolewa mwaka 1989, iliirithi kutoka kwa programu ya Bourne ya mwaka 1979. Mashine imehesabu ritifaa tatu katika sentensi ile, ikaona ya mwisho haijafungwa, nayo inasubiri ifungwe. Mtumiaji akijaribu kuificha ritifaa kwa kutanguliza mkwaju wa nyuma, atajibiwa kwamba jina hilo la lakabu si halali, maana alama za kunukuu haziruhusiwi kabisa katika majina hayo. Kwa hiyo sauti imekubaliwa na mng'ao umekataliwa. Yatakataliwa pia maneno ng'oa na ng'amua, ambayo yangefaa sana kwa kazi za kuondoa programu na kutambua vifaa.

Kosa la kungoja angalau huonekana. Liko kosa jingine ambalo ni la hatari zaidi kwa kuwa halionekani. Mtu akiandika echo ng'ombe wa ng'ambo, ritifaa mbili zitafungana zenyewe kwa zenyewe, na mashine itatoa jibu bila ya kulalamika: ngombe wa ngambo. Tahajia imeharibiwa, na hakuna aliyeonywa. Iwapo maneno hayo yalikuwa jina la faili la mwanafunzi au kichwa cha hadithi iliyokusanywa nyanjani, yatahifadhiwa hivyo hivyo.

Kuandika: Kibodi ya Waithaka

Imewahi kusemwa kwamba Kiswahili kina bahati kwa kuwa hakihitaji herufi yoyote isiyokuwamo katika kibodi ya Kiingereza. Kauli hiyo ni kweli kwa kiasi fulani tu, na mahali pazuri pa kuipimia ni Waithaka, magharibi ya jiji la Nairobi, katika eneo la Dagoretti. Mkazi wa huko anaweza kuandika Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza katika siku moja. Kikuyu kinamtaka awe na ĩ na ũ, na watungaji wa mipango ya kibodi wamelitambua hilo: chini ya mpango wa ke kuna tawi liitwalo kik kwa ajili ya lugha hiyo. Amri setxkbmap -layout us,ke -variant ,kik -option grp:alt_shift_toggle humpa kibodi mbili katika moja, azibadilishe kwa vitufe viwili. Katika baadhi ya mifumo mipya isiyotumia tena msingi wa X, kazi hiyo hufanywa kwa gsettings, lakini majina ke na kik ni yale yale.

Ni ajabu basi kwamba lugha iliyoonekana ngumu kwa herufi zake ndiyo iliyopata huduma iliyo wazi, na ile iliyoonekana nyepesi ikaachwa na tatizo lililofichika. Herufi ĩ ni herufi, na kila programu huihesabu hivyo. Ritifaa ya ng' imeazimwa kutoka kwa alama za uandishi, na kila programu huichukulia itakavyo. Katika mpango wa kibodi wa Marekani wa kimataifa, kitufe cha ritifaa hakiandiki kitu mpaka kifuatwe na kingine. Kikifuatwa na irabu huiwekea mkazo. Hapo ng'ombe huwa ngómbe na ng'aa huwa ngáa. Programu za kuandikia barua nazo huipinda ritifaa ikawa alama ya kufungia nukuu. Si ajabu kwamba jina la mtaa ulio jirani na Waithaka mara huandikwa Ng'ando, mara Ngando, na atafutaye moja kwa mashine anaweza asilipate lile jingine.

Kusikia: Sauti Isiyo na Lugha ya Mama

Huenda ikajibiwa kwamba haya ni madogo, kwani msomaji wa Kiswahili ataelewa ngombe ni mnyama gani. Hoja hiyo ina mizizi katika historia. Waandishi wa hati za Kiarabu pwani walitumia ghaini kwa sauti za g, ng na ng', nao wasomaji wao walizitofautisha kwa ujuzi wa lugha. Ilipoundwa Kamati ya Lugha mwaka 1930 ili kukisanifisha Kiswahili, tahajia ya Kirumi ilikuwa na nafasi ya kuiandika tofauti hiyo waziwazi, na mpaka leo tahajia sanifu inaiandika.

Lakini hoja ya ujuzi wa msomaji huanguka pale msomaji anapokuwa mashine. Programu ya eSpeak NG husoma Kiswahili kwa sauti, na mwendo wake hurekebishwa kwa amri: espeak-ng -v sw -s 130 huifanya isome maneno 130 kwa dakika badala ya 175 ya kawaida. Kwa mwanafunzi asiyeona, chombo cha namna hii ndiyo skrini yake. Sasa na afikiriwe mwanafunzi huyo anaposomewa maandishi yaliyopotezwa ritifaa. Ngoa ni wivu au uchu. Ng'oa ni kutoa kitu pamoja na mizizi yake. Asiyeona hana ukurasa wa kuutazama tena ili akisie. Atapewa neno lililoandikwa, si neno lililokusudiwa, na hakuna amri ya mwendo wala ya ukubwa wa sauti itakayomrudishia tofauti hiyo.

Dawa na Gharama Yake

Katika mfumo wa Unicode, ambao ndio unaotumika leo kuhifadhi maandishi, kuna alama tatu zinazofanana machoni. Ya kwanza ni ritifaa ya mashine ya kuchapia, yenye namba U+0027. Ya pili ni alama iliyopinda ya kufungia nukuu, U+2019. Ya tatu, U+02BC, imeainishwa kuwa herufi. Mtu akiandika ngʼoa kwa alama hii ya tatu, Bash hailiguswi na nukuu yoyote: huliona neno zima, na hulikubali kuwa lakabu.

Kwa mwanaisimu uchaguzi huu una uzito zaidi ya urahisi wa amri. Nazali ya kaakaa laini ni fonimu ya Kiswahili, na alama inayoitenga na ng ya ngoma ni sehemu ya herufi, si kituo cha usemi. Kuiandika kwa alama iliyo herufi ni kusema kweli juu ya lugha. Walakini gharama yake isifichwe. Maandishi mengi yaliyokwisha kuwekwa katika kompyuta yanatumia U+0027, na atafutaye kwa alama moja hatapata maneno yenye alama nyingine mpaka programu za utafutaji zifundishwe kuzilinganisha. Tena haiwezekani kumtaka mwandishi wa kawaida ajue namba za Unicode. Mzigo huo sharti ubebwe na mpango wa kibodi wenyewe: anayeandika n na g kisha akabonyeza kitufe cha ritifaa apate herufi, na kwingineko kote apate ritifaa.

Kuna watakaopendekeza njia nyepesi zaidi, yaani kuiondoa ritifaa kabisa, kama wafanyavyo vijana wengi katika simu zao. Pendekezo hilo lina mvuto wa matumizi, na matumizi ni hakimu mkubwa wa lugha. Hata hivyo, halina budi kukataliwa, kwa sababu linamtaka asiyeona, mgeni anayejifunza lugha, na mashine ya kutafsiri wawe na ujuzi ambao wenye lugha waliupata utotoni.

Hitimisho

Imeonekana kwamba amri za skrini, sauti na kibodi zinaweza kupewa sura ya Kiswahili leo hii bila ya istilahi mpya hata moja, isipokuwa pale zinapokutana na ng'. Inafuata kwamba mabaraza na idara za lugha, zinapojadili neno lolote la kompyuta, zingefaa kulipitisha katika majaribio matatu kabla ya kulisanifisha: laweza kuandikwa kwa kibodi ya kawaida, laweza kuhifadhiwa na kutafutwa bila ya kupoteza alama, na laweza kusomwa kwa sauti ya mashine likasikika kama lilivyokusudiwa. Neno mng'ao kwa sasa linaanguka katika jaribio la pili, na kosa si lake. Uamuzi juu ya alama ipi iiandike ng' katika kompyuta ni uamuzi wa othografia, na mafundi wa programu wamekuwa wakiufanya peke yao kwa kuwa wenye taaluma hiyo hawajauomba.