"Mto wa Msimu" au "Laga"?

Mkondo wa jangwani ukaukao huitwa na wengi "mto wa msimu". Istilahi hiyo yapotosha. Msimu hutarajiwa, mkondo huu waweza kujazwa na mvua ya saa chache iliyonyesha milimani, huku bondeni jua likiwaka, na aliyepiga kambi mchangani kwa kuwa msimu haujafika akachukuliwa na maji. "Korongo" nalo lataja bonde lililochimbika, si maji (tena ni ndege!). Kaskazini mwa Kenya neno lipo: laga. Ramani zinalo katika Lagh Bor, Lagh Bogal na Lagh Dera, ambayo huendeleza njia ya Ewaso Ng'iro kutoka kinamasi cha Lorian kuelekea Somalia. Lisanifiwe. La kujadiliwa ni matawi yake: "tawimto" ladai mto, mimi napendelea "kilaga".