Furaha ya padri si raha

MAJUZI nilihudhuria sherehe ya upadrisho. Baada ya Misa, mfawidhi alitwaa kipaza sauti akampongeza padri mpya: “Sasa Fada ameingia kwenye raha! Nyumba ipo, gari lipo, karo ya watoto hana!” Watu waliangua kicheko, nami pia. Lakini njiani kurudi nyumbani neno hilo ‘raha’ lilianza kunikera.

Wengi huyachukulia maneno ‘raha’ na ‘furaha’ kuwa ndugu wa tumbo moja kwa kuwa yanakaribiana kimatamshi. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, ila kwa mizizi tofauti. Raha ni mapumziko, hali ya kutotaabika. Furaha ni uchangamfu wa moyo, nao waweza kuwepo hata katikati ya taabu. Muulize mama aliyejifungua jana.

Tofauti hii ndiyo uti wa mgongo wa riwaya ya Mfaransa Georges Bernanos, Journal d’un curé de campagne (1936), yaani shajara ya padri wa kijijini. Padri huyu kijana wa Ambricourt raha hana hata chembe. Tumbo linamuuma, chakula chake ni mkate na divai duni, na waumini wanamdhania mlevi. Hata hivyo, anapomtembelea mke wa kabaila, aliyemkasirikia Mungu tangu afiwe na mwanawe mdogo, mama huyo anapata amani na kuaga dunia usiku uo huo. Padri anabaki kustaajabu: amewezaje kutoa amani ambayo mwenyewe hana? Baadaye askari kijana anampakia kwenye pikipiki, naye anaonja furaha ya ujana asiyoijua kabla. Nasi wa bodaboda tunaielewa hiyo! Muda si muda saratani ya tumbo inamuua, moyo wake ukiwa umetulia.

Kasoro moja naiona. Bernanos anakaribia kuyafanya mateso kuwa cheti cha utakatifu, kana kwamba padri mwenye afya na kicheko ana walakini. Bahati nzuri, riwaya yenyewe inampinga kupitia padri wa Torcy, mzee mkakamavu na mcheshi anayemlea kijana huyu kama mwanawe. Raha si dhambi. Ila si kipimo cha wito.

Ndiyo maana maneno ya mfawidhi si mzaha mtupu. Kijana akiaminishwa kwamba upadri ni raha, usiku wa kwanza wa upweke parokiani atadhani amepotea njia. Na anayeifuata raha hiyo tangu seminarini atawachosha waumini kabla hajachoka yeye.

Basi tumtakie padri wetu furaha. Kuhusu raha, hiyo tumpe sisi wenyewe: tumbishie hodi hata siku ambayo hatuna mgonjwa wa kupakwa mafuta wala maiti ya kuzikwa.