Kauli kwa Wageni: Uhakiki wa Matumizi ya Mtandao wa X mjini Juba na Nafasi ya Kiswahili

Mwaka 2018, baada ya kampeni ya watumiaji waliochoshwa kuona Kiswahili kikitambuliwa kimakosa kuwa Kiindonesia, Twitter ilianza kukitambua Kiswahili kwa jina lake. Wapenzi wa lugha walilisherehekea tukio hilo kama ushindi, na lilikuwa ushindi kweli. Tatizo ni hoja iliyojengwa juu yake: kwamba idadi ya jumbe katika mtandao huo, unaoitwa X tangu Julai 2023, inaweza kuonyesha Kiswahili kimefika wapi katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Makala haya yanahoji kipimo hicho kwa kuitazama Juba, mji ambamo X ni chombo cha taasisi zaidi kuliko cha wakazi.

Anayefungua kurasa za wizara, balozi, mashirika ya Umoja wa Mataifa, benki na kampuni za simu zilizoko Juba hukuta karibu Kiingereza kitupu. Katiba ya Mpito ya 2011 inaeleza sehemu ya sababu, kwa kuwa ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi. Sababu kubwa zaidi ni msomaji anayelengwa. Tangazo la warsha, picha ya kukabidhi msaada, salamu za mkurugenzi: yote huandikwa kwa ajili ya mfadhili, mwandishi wa habari wa kigeni, na Msudani Kusini aliyeko Nairobi, Kampala au Melbourne. Mchuuzi wa soko la Konyo Konyo hasemeshwi. Jijini Nairobi mteja hulalamika hadharani kuhusu umeme uliokatika au pesa zilizotumwa kimakosa, kwa Kiswahili, Sheng au Kiingereza, na kampuni hulazimika kumjibu hapo hapo. KCB, Equity na Co-operative zilivuka mpaka na kufungua matawi Juba. Mazoea ya kujibizana hayakuvuka kwa kiasi hicho. Mtandao uliokuwa kaunta Nairobi umekuwa ubao wa matangazo Juba.

Hasara yake haiishii kwenye takwimu. Januari 2025 video za mauaji ya Wasudani Kusini huko Wad Madani, Sudan, zilienea kwa simu. Hasira ikageuka uporaji na mauaji dhidi ya Wasudani waliokuwa Juba, na amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa. Januari 22 Mamlaka ya Kitaifa ya Mawasiliano iliamuru mitandao ya kijamii ifungwe kwa muda ambao ungeweza kufika siku 90, kisha amri hiyo ikaondolewa Januari 27. Iliyotajwa hasa ilikuwa Facebook na TikTok. X, ambako taasisi huweka kauli zake kwa Kiingereza, haikuwa kiini cha hofu. Yaani mahali panapotolewa kauli rasmi si mahali panapowaka moto, wala lugha si ile ile. Kufunga mitandao kulizuia video, lakini kulimzuia pia yeyote ambaye angewatuliza vijana kwa Kiarabu cha Juba. Radio Miraya, inayotangaza kwa Kiingereza na Kiarabu chepesi, ilikwisha kulielewa jambo hili miaka mingi kabla ya mabingwa wa mitandao.

Mjadala wa sera ya Kiswahili, tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya mwaka 2016, umejikita shuleni: walimu, vitabu, mitaala. Wakati huo huo Kiswahili kinaishi mjini bila mtaala wowote, vinywani mwa waliorejea kutoka Kakuma na shule za Kenya, wafanyabiashara, na madereva wa malori wa barabara ya Nimule. Ni Kiswahili cha kusemwa. Mtafiti anayehesabu jumbe za X ataripoti kwamba hakipo, na mshauri atakayemwamini atapendekeza kuanza na sifuri. Lipo pia kosa la upande wa pili, ambalo watetezi wa Kiswahili hulifanya kwa nia njema: kukileta Kiswahili kama mbadala wa Kiarabu cha Juba. Lugha hiyo ndiyo inayowaunganisha watu wa makabila mengi ya mji, nayo, kwa kuwa huandikwa bila tahajia moja iliyokubaliwa, hupotea katika hesabu hizo hizo.

Linalowezekana ni dogo na la haraka. Tangazo la amri ya kutotoka nje, la kipindupindu au la kufungwa kwa barabara lingetolewa kwa wakati mmoja kwa Kiarabu cha Juba, kwa sauti na kwa maandishi, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya wafanyabiashara na waliorejea, katika mitandao wanayoitumia na redioni. Benki za Kenya hazina kisingizio, kwa sababu watumishi wa kujibu kwa Kiswahili tayari wanao Nairobi. Wizara zitahitaji zaidi: mtu wa zamu mwenye idhini ya kuandika kabla kauli ya Kiingereza haijamaliza safari yake ya ofisi kwa ofisi.