Mukono wa Muchoraji: Namna ya Kutazama Planshi za BD

Katika vijitabu vya chama chetu tumekwisha kuandika juu ya ngoma, juu ya mahari, juu ya majina ya koo. Juu ya BD, hata mara moja. Sababu naijua: kwa watu wengi BD ni kitu cha watoto, karatasi ya kucheka nayo halafu kufungia karanga. Lakini kusoma historia kwa kufuata picha si jambo la wageni. Waluba walikuwa na lukasa, ubao wa shanga ambao watu wa Mbudye waliugusa kwa kidole, hatua kwa hatua, wakisimulia habari za wafalme. Aliyetengeneza lukasa alikuwa fundi. Anayechora BD naye ni fundi, na mafundi wako wazuri na wabaya. Tusipojua kuwatofautisha, kosa ni letu.

Wengi hawajui kama kile tunachonunua, kitabu, si kile muchoraji alichokishika. Muchoraji anafanya kazi kwenye karatasi nene na kubwa kupita ukurasa wa kitabu. Karatasi hiyo njo inaitwa planshi. Anachora kwanza na krayo, kisha anapita juu na wino, kwa kalamu ya chuma ao kwa burashi, kisha anafuta krayo. Nyuma ya hapo planshi inapigwa picha, inapunguzwa, inachapwa. Katika njia hiyo mambo mingi yanapotea: krayo iliyobaki chini ya wino, rangi nyeupe iliyofunika mustari uliokosewa, kipande cha karatasi kilichogandishwa juu ya uso ambao haukutoka vizuri. Ni pale njo unaona akili ya fundi: wapi alisitasita, wapi mukono ulikimbia bila woga. Mwanafunzi mumoja aliniuliza: “Mwalimu, hii mapicha, haiko mashini njo inaifanyaka?” Ulizo lake halikuwa la ujinga. Kitabu kilichochapwa kinaficha mukono.

Mufano wa kwanza unatugusa sisi watu wa Shinkolobwe. Katika mwaka 2020 nyumba ya Glénat huko Ufaransa ilitoa kitabu La Bombe, chenye kurasa 472. Maneno ni ya Alcante na Bollée, picha ni za Denis Rodier, mutu wa Quebec. Kitabu kinasimulia namna bomu la Hiroshima la tarehe 6 Agosti 1945 lilivyotengenezwa, na musimulizi ni uraniumu yenyewe. Jiwe linasema! Na jiwe lile tunalijua: sehemu yake kubwa ilitoka hapa kwetu, kilometa kama 20 toka Likasi. Zaidi ya tani 1,000 zilikuwa zimekwisha kufika New York tangu 1940, kwa shauri la Edgar Sengier wa Union Minière.

Rodier amechora kwa nyeusi na nyeupe tu, na namusifu kwa hilo. Rangi ingefanya moto ule upendeze macho. Nyeusi yake ni nzito, na nyeupe anaiacha kama silaha, karatasi tupu isiyoguswa na wino. Katika kazi ya namna hii kitabu kinabaki karibu na planshi, sababu yote mbili ni wino juu ya karatasi. Kwa hiyo hata sisi tulio mbali tunaweza kujifunza. Chukua kioo cha kukuzia, fuata mustari mumoja tangu mwanzo mpaka mwisho, tazama wapi unanenepa na wapi unakonda. Uzito wa mukono unaonekana.

Lakini sitafunga macho. Kati ya kurasa zile 472, za Katanga ni chache. Wanasayansi, majenerali na wakubwa wa Amerika wanapata nafasi nyingi kupita wachimbaji. Ningependa uso wa mutu aliyebeba jiwe uchorwe kwa subira ileile aliyopewa Oppenheimer. Wenye historia ile kutoka ndani ni sisi, na wachoraji wake wangetoka kwetu.

Wachoraji tunao. Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, alitoa Madame Livingstone katika 2014 pamoja na Christophe Cassiau-Haurie. Ni vita vya kwanza vya dunia, kwenye ziwa Tanganyika, ni kusema karibu na nyumbani. Pale rangi imewekwa juu ya planshi yenyewe. Kwa wachoraji wengine planshi inabaki nyeusi, na rangi inatiwa pembeni na mutu mwingine, siku hizi kwa ordinateri. Anayeweka rangi moja kwa moja hana pa kukimbilia: akiharibu anga, ameharibu karatasi yote. Tazama ngozi za watu wake. Kila mumoja iko na kahawia yake, na kivuli chake.

Linganisha na Tintin au Congo ya Hergé, iliyotoka gazetini katika 1930-1931 na kuchorwa upya kwa rangi katika 1946. Mustari wa Hergé ni safi, hakuna wa kubisha. Lakini Wakongo wake wote wako na uso mumoja, midomo ileile. Hergé hakukosa mukono. Alikosa macho juu yetu, na hilo pia ni kosa la ufundi, si la siasa peke yake.

Huko Ulaya wanajua bei ya planshi. Mwezi wa Januari 2021, picha moja ya Hergé ya mwaka 1936, aliyoichora kwa ajili ya jalada la Le Lotus bleu, iliuzwa Paris kwa zaidi ya milioni 3 za euro. Na za kwetu? Mfumu'Eto, aliyeuza BD zake za Lingala katika barabara za Kinshasa tangu karibu na 1990, karatasi zake ziko leo kwenye Universite ya Florida, Marekani. Tshibumba Kanda Matulu wa hapa Katanga, aliyesimulia historia ya Kongo katika 1973 na 1974 kwa picha 101 zinazofuatana, juu ya mifuko ya unga, na maneno ndani ya picha (mimi namuhesabu ndugu ya wachoraji wa BD), picha zile ziko Amsterdam. Sisemi ziliibiwa. Waliozichukua walizichunga, na pengine hapa mchwa wangezila. Lakini mutoto wa Likasi hawezi kuzitazama. Na Mwana Shaba Junior, gazeti la watoto wa wafanyakazi wa Gécamines, lililokuwa na BD ndani, nani kati yetu angali na hata nakala moja nyumbani?

Tuanze basi na kile kilicho mikononi. Wanafunzi wetu wanachora na biki katika madaftari. Biki inafifia kwenye mwangaza, wino wa China hapana. Planshi isikunjwe, isigandishwe na skoch, sababu skoch inageuka manjano na kula karatasi. Ilazwe kati ya karatasi mbili safi, mbali na ukuta wakati wa mvua, na jina la aliyechora pamoja na mwaka viandikwe nyuma kwa krayo, si kwa wino. Katika kabati ya masomo yetu tunachunga sasa planshi 12 za wanafunzi. Moja inaonyesha kijiji kikihamishwa karibu na mugodi katika 2004, na katika kona ya chini bado unaona krayo ya nyumba ambayo mutoto aliamua kutoichora.