Beni, Gwaride na Mpagazi

Ndugu msomaji, gwaride la Uhuru la tarehe 9 Desemba, Rais akilikagua na bendi ikipiga, mimi silitii ila. Safu iliyonyooka twaijua. Msikitini twaamrishwa kuinyoosha kabla ya takbira.

Ila yangu ni kwa mwigo wake, ile ngoma ya beni ya pwani yetu. Ilitwaa bendi ya jeshi la Mzungu nzima nzima: tarumbeta, magwanda, vyeo vya majenerali na wafalme, Marini wakishindana na Arinoti kwa karamu za kufilisiana. Vita vya 1914 hadi 1918 vikaieneza. Na vita hivyo sisi watu wa Rufiji hatukuvisikia kwa mbali: manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika delta yetu, ikaangamia Julai 1915, mizinga yake ikaopolewa ikaenda kupiganiwa nchi kavu. Wapagazi wakafa kwa njaa na maradhi, wengi bila ya sanda.

Haki isemwe: vyama vya beni viliuguzana na kuzikana, na hilo ni jema. Lakini katika vyeo vyote vile, msomaji, mpagazi alipewa kipi?